LOBULE: KUJITEGEMEA SI KUJITENGA

Siku ya kuvua sare humfikia kila askari, awe wa jeshi, wa polisi au wa magereza. Chumba cha kambini ni mali ya serikali. Funguo hurudishwa, magodoro na masufuria hupakiwa garini, na mara nyingi mama wa nyumba huwa bado hajaambiwa gari hilo linaelekea wapi. Kiinua mgongo, hata kikiwa kikubwa namna gani, hakimchagulii mtu mahali pa kukaa. Kazi hiyo ni ya mwenyewe, na wengi huiahirisha mpaka siku ya mwisho.

Matokeo yake tunayaona kandokando ya kambi zetu. Mzee aliyeongoza kikosi amepanga vyumba viwili na hununua kila kitu kwa fedha: maji, mkaa, mboga, hata mchaichai wa kutia katika chai. Pensheni humalizika kabla ya mwezi kumalizika. Wahenga walikwisha kusema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini wengine husahau kuitengeneza hiyo ngama wakati bado wana nguvu.

Basi wapo wanaoazimia kurudi shamba, wakalime chakula chao, wafuge kuku na mbuzi, na kumtegemea Mungu na mikono yao. Miongoni mwao Mkatoliki ana maswali yake ya pekee. Misa ataipata wapi? Wajukuu watafundishwa dini na nani? Akiugua usiku, ni nani atakayemwita padre? Kwa sababu ya maswali hayo, wengine huota ndoto ya kupata mahali palipojaa watu wa imani yao peke yao, wazungushe ua, waishi salama humo ndani. Makala hii yataka kuipima ndoto hiyo kwa kutazama mahali pamoja tu: Lobule, wilaya ya Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda.

NJIA YA KUFIKA

Msafiri atokaye Kampala husafiri kilomita zipatazo 500 kabla ya kuuona mji wa Arua. Huuvuka Mto Nile mara mbili. Mara ya kwanza ni Karuma, ambapo maji hunguruma juu ya mawe; mara ya pili ni Pakwach, ambapo mto umetulia na kupanuka, na tembo wa mbuga ya Murchison Falls huonekana nyakati nyingine karibu na barabara. Baada ya Pakwach nchi huanza kuinuka taratibu kupita Nebbi, na hewa hupungua joto. Arua, uliokuwa mji wa wilaya kwa miaka mingi, ulipandishwa kuwa jiji mwezi Julai 1 ya mwaka 2020.

Kutoka Arua barabara ya lami huelekea kaskazini mpaka Koboko, mwendo wa kilomita zipatazo 55, kisha huendelea mpaka Oraba, kwenye mpaka wa Sudani Kusini. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005, ilipofanywa wilaya yenyewe. Hapa nchi tatu hukutana: Uganda, Kongo na Sudani Kusini. Sokoni masikio husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili, wakati mwingine katika mazungumzo ya watu wawili tu. Askari aliyezoea Kiswahili cha kambini hatapotea. Huku lugha hiyo ina wenyewe tangu zamani.

Lobule ni tarafa ya mashambani katika wilaya hiyo. Nyumba nyingi ni za udongo na nyasi, zimejengwa pamoja kwa ukoo, na mashamba yamezizunguka. Miembe husimama nyuani, na chini ya kivuli chake hufanyika karibu kila jambo la maana: mashauri, mapokezi ya wageni, kuchambua maharage, hata katekisimu ya watoto. Mwanamke apitaye na ndoo kichwani husimama kukujulia hali kwa muda mrefu, naye hakuulizi unatafuta nini mpaka kwanza ajue kama umelala salama.

NCHI ILIYOPOKEA NA KUPOKEWA

Hapana budi kuijua historia ya nchi kabla ya kuomba kipande chake. Nchi hii, iliyo magharibi ya Nile, ilikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1894. Leopold alifariki mwezi Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likawekwa chini ya Sudani. Sehemu yake ya kusini iliingizwa Uganda mwaka 1914. Kwa hiyo Wakakwa walijikuta wamegawanywa katika nchi tatu bila ya kuhama hata hatua moja. Mtu wa Koboko ana shangazi Kongo na mjomba Sudani Kusini, na wote ni jamaa wa jiko moja.

Wakati wa ukoloni vijana wengi wa West Nile waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi. Sare ikawa njia yao ya kupata fedha na elimu. Lakini baadaye sare hiyo hiyo iliwaletea msiba. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitawala kuanzia mwaka 1971 mpaka 1979. Vita vilivyomwondoa vilikwisha tarehe 3 Juni, 1979, majeshi ya Tanzania yalipofika mpaka wa Sudani. Tangu mwishoni mwa mwaka 1980, baada ya wanajeshi wa zamani kuingia wakitokea ng'ambo ya mpaka, askari wa serikali ya wakati ule walilipiza kisasi kwa raia. Watu wakakimbia kwa maelfu kwenda Zaire na Sudani, wakaacha mihogo mashambani na nyumba zikishika moto.

Tarehe 24 Juni, 1981, siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, watu waliokuwa wamekimbilia misioni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo walimokimbilia. Makumi kwa makumi walikufa, watoto na wazee wakiwamo. Mambo haya huandikwa hapa bila ya chuki, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa sare na jamaa zao. Astahiliye kuyajua kwanza ni yule atakayekwenda kuomba ujirani huko. Mzee wa Lobule akikutazama kwa kitambo kabla ya kukukaribisha, ujue anakumbuka mambo ambayo pengine wewe ulikuwa hujazaliwa yalipotokea.

Waliokimbia walipokewa. Watu wa Zaire na Sudani waliwapa mahali pa kulima, na wengi walikaa huko mpaka katikati ya miaka ya 1980, walipoanza kurudi. Amani nayo haikuja kwa siku moja. Vikundi vya waasi vilisumbua nchi katika miaka ya 1990, na mapatano ya mwisho na kikundi cha UNRF II yalitiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba, 2002, mkesha wa Noeli. Kisha zamu ikageuka. Mwaka 2013 Lobule pakafunguliwa makazi ya wakimbizi, wengi wao wakitoka Kongo, katika ardhi iliyotolewa na wenyeji. Wenye ardhi waliwajua wakimbizi hao kwa lugha na kwa ukoo, nao walikumbuka vema ni nani aliyewapa jembe wakati wao walipokuwa wageni.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hii wengine huitumia kumkaripia mgeni mvivu. Katika Lobule inafaa kusomwa kwa namna nyingine: kumpa mtu jembe ni kumpa heshima, yaani kumwambia kwamba hapa unaweza kula jasho lako.

UDONGO, MVUA NA MWAKA WA MKULIMA

Mvua huanza mwezi Machi au Aprili, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi kwa nguvu tangu Agosti mpaka Oktoba au Novemba. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kiangazi: upepo mkavu, moshi wa nyasi zinazoteketezwa, na visima vifupi kukauka. Mtu aliyezoea kupokea mshahara kila tarehe fulani ya mwezi hana budi kujifunza kalenda hii upya, kwa maana shamba hulipa mara mbili tu kwa mwaka, na wakati mwingine halilipi.

Mazao ya nchi hii ni muhogo, mtama, mahindi, maharage, kunde, karanga, ufuta na viazi vitamu. Muhogo ndio benki ya maskini. Unaweza kukaa ardhini ukimngoja mwenyewe, na mtu hung'oa kadiri ya haja yake. Lakini muhogo mchungu una sumu. Hauliwi kabla ya kumenywa, kulowekwa au kuvundikwa siku kadhaa, na kuanikwa vizuri juani. Mama kutoka mjini asione haya kumwuliza jirani. Njaa humfanya mtu apike haraka, na haraka hiyo imepata kuua watoto katika nchi nyingi za Afrika.

Kwa miaka mingi zao la fedha la West Nile lilikuwa tumbaku. Ililipa karo za shule na kununua baiskeli, lakini kukausha tumbaku kwahitaji kuni nyingi, na miti mingi iliteketea tanurini. Mstaafu anayetaka kujitegemea afadhali aanze na vitu vinavyoliwa, kisha auze vinavyobaki. Ufuta na karanga huhifadhika, huuzika, na hutia ladha katika chungu. Mizinga ya nyuki haihitaji ekari nyingi, na asali ya West Nile ina wanunuzi mpaka Kampala. Miti ipandwe mwaka wa kwanza kabisa, kabla ya nyumba kuezekwa bati: ya matunda, ya kuni na ya kivuli. Anayesubiri mpaka atulie ndipo apande mti, atakuja kununua kuni za mwenzake.

Jambo la kwanza kuliko yote ni maji. Kabla ya kuupenda uwanja, uliza kisima kiko umbali gani, pampu inasimamiwa na kamati gani, na mwezi wa Februari foleni yake ni ndefu kiasi gani. Katika maeneo yanayopokea wakimbizi nchini Uganda, utaratibu ni kwamba sehemu ya misaada, aghalabu 30 katika kila 100, iwanufaishe wenyeji. Kwa hiyo kisima, zahanati na shule mara nyingi hutumiwa na pande zote mbili. Maji ya pamoja yakitumiwa kwa adabu hujenga ujirani, na yakitumiwa kwa ubabe huuvunja kabla ya jua kuchwa.

JIKO NA GHALA

Ukurasa huu husomwa na akina mama, nao ndio watakaobeba sehemu kubwa ya uamuzi huu. Mume akiamua peke yake kuhamia shamba, mke hufika akiwa mateka. Basi hesabu ifanywe na wote wawili, mezani, kabla ya barua ya kustaafu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hesabuni midomo itakayokula. Hesabuni miezi tangu mavuno moja mpaka mengine. Kisha jiulizeni: unga utatoka wapi katika mwezi wa Mei, wakati ghala limekwisha na shamba lingali changa? Huo ndio mwezi wa kumpima mkulima. Chakula cha kila siku katika nchi hii ni ugali mzito wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, pamoja na maharage, au majani ya kunde yaliyotiwa ufuta au karanga zilizosagwa. Ni chakula cha nguvu, na karibu vyote hutoka nyuani. Vinavyonunuliwa ni chumvi, sabuni, sukari, viberiti na dawa, na hivyo ndivyo pensheni inavyotosha. Kiasi kile cha fedha ambacho mjini hakifiki wiki mbili, hapa hukaa mwezi mzima, endapo hakikunywewa kilabuni.

Ghala lijengwe juu ya nguzo, mbali na panya, na paa lake lifunikwe vema. Maharage yakauke mpaka yalie yakitikiswa. Maembe huiva yote kwa pamoja, mengi yakaoza chini ya miti. Yakikatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya chekecheke safi, watoto watayala wakati wa kiangazi. Kuku wawe na kibanda usiku. Mbuzi wafungwe kamba wakati mazao yako shambani, maana kesi nyingi za vijijini huanzia katika mdomo wa mbuzi.

KANISA BILA PADRE KILA DOMINIKA

Wamisionari wa Comboni walifika kaskazini mwa Uganda mwaka 1910 kwa njia ya Nile, wakaanzia Omach. Taratibu misioni zao zikaenea magharibi ya mto, na mwaka 1958 Jimbo la Arua liliundwa, kanisa lake kuu likiwa Ediofe. Misioni za zamani zilikuwa shule za kujitegemea. Mabruda walichoma matofali, walipasua mbao, walipanda matunda, na waumini walijifunza ufundi pamoja na katekisimu.

Lakini anayehamia mashambani asidhani atakuwa na padre mlangoni. Parokia moja ina vigango vingi, na padre huvizungukia kwa zamu. Katika Dominika nyingi, kigango huendeshwa na katekista: husoma Neno, hufundisha, huongoza sala, huwatembelea wagonjwa, na hupeleka habari parokiani pale mtu anapohitaji mpako. Kanisa la kaskazini mwa Uganda liliwekewa msingi wa namna hiyo tangu mwanzo. Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Paimol katika nchi ya Acholi, waliuawa mwaka 1918 kwa kukataa kuacha kufundisha, na mwaka 2002 wakatangazwa wenye heri. Hawakuwa na kanisa la mawe. Walikuwa na mti, ngoma ya kuita watu na sala walizozijua kwa moyo.

Kwa hiyo Mkatoliki anayeuliza kama atapata Misa kila siku, jibu ni hapana. Akiuliza kama atapata Kanisa, jibu ni ndiyo, ila atapewa kazi humo. Sajini aliyezoea kupanga zamu atahitajika katika kamati ya kigango. Mkewe aliyeongoza akina mama kambini atahitajika katika jumuiya ndogo ndogo, ule mpango ambao maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliupa kipaumbele katika miaka ya 1970, ili Kanisa lianze katika ujirani wa nyumba chache zinazosali na kusaidiana. Mjini mtu aweza kuwa mtazamaji kanisani miaka ishirini. Kigangoni, usipokuja, pengo lako huonekana.

Na majirani je? Katika Koboko Waislamu ni wengi, na Waanglikana wapo tangu wamisionari wao walipofika Arua mwaka 1918. Mara nyingi ukoo mmoja huwa na dini mbili au tatu. Siku ya Idi sahani huvuka ua kuelekea upande mmoja, na siku ya Noeli huvuka kurudi. Mkatoliki anayetafuta mahali pa Wakatoliki watupu hatakapata hapa, na pengine hiyo ni baraka kwake.

Ushahidi uko karibu, Lodonga, katika wilaya jirani ya Yumbe, ambako wakazi wengi ni Waislamu. Huko ndiko lilikojengwa kanisa la Bikira Maria, Sultana wa Afrika, lililopewa hadhi ya basilika mwaka 1961. Jina lenyewe, Sultana, ni neno ambalo jirani Mwislamu hulielewa bila ya kutafsiriwa. Padre Bernardo Sartori, Mwitalia aliyefika Uganda mwaka 1934 na kuhangaikia ujenzi wa kanisa hilo, hakuwakimbia watu katika miaka ya mateso. Alifariki Ombaci siku ya Pasaka ya mwaka 1983. Alijenga katikati ya watu wasio wa dini yake, na mahujaji wangali wanakwenda huko kusali.

ARDHI SI SHATI LA KUNUNUA DUKANI

Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile hushikwa kwa mila, yaani ni ya ukoo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zinautambua umiliki huo sawa na ule wa hati. Hapa ndipo wastaafu wengi huumia. Kijana mmoja wa ukoo huuza kwa siri, mstaafu hulipa haraka, na baada ya mavuno ya kwanza wajomba hujitokeza. Fedha imekwenda, shamba halipo, na uadui umebaki.

Anayetaka ardhi kwa salama afuate njia ndefu. Aanze na wazee wa ukoo, si na dalali. Mwenyekiti wa kijiji ajue. Mke wa muuzaji akubali, kwani sheria yenyewe yataka idhini ya mwenzi kwa ardhi ambayo familia inaitegemea. Mipaka itembelewe kwa miguu, majirani wa pande zote wakiwapo, na miti ya mpaka ipandwe siku hiyo hiyo. Maandishi yafanywe mbele ya mashahidi, kisha iombwe hati ya umiliki wa kimila kwa kupitia kamati ya ardhi ya eneo na bodi ya wilaya. Jina la mke liwemo. Mjane wa askari aliyefukuzwa na mashemeji ni kisa tunachokijua sote. Dawa yake ni wino, utiwe mapema.

Tena, asinunue zaidi ya awezavyo kulima. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, alitetea haki ya mtu wa kazi kuwa na ardhi yake na kuilima. Lakini hakuitetea tamaa. Ekari tano zinazolimwa ni bora kuliko hamsini zilizozungushiwa waya huku jirani hana pa kupanda maharage.

UA HAULINDI KITU

Sasa turudi katika ile ndoto ya ua. Hata watu waliokabidhi maisha yao yote kwa sala na kazi hawakuweza kuishi peke yao. Wabenediktini wa Peramiho, kusini mwa Tanzania, waliofika huko mwaka 1898, wana mashamba, karakana na hospitali. Lakini milango ya karakana na ya hospitali iko wazi kwa nchi nzima, na ndiyo sababu nchi nayo imewalea. Watrapisti wa Kipkelion, nchini Kenya, waliishi kwa kazi ya mikono yao tangu miaka ya 1950. Zilipozuka ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wao walipogeukiana, watawa hao walilazimika kuhamia Uganda, upande wa Masaka. Shamba zuri, ng'ombe na ukuta havikuwatosha, kwa kuwa amani ya nchi iliyowazunguka ilikuwa imevunjika.

Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki wa Misa na rozari, alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Mtu aliyehubiri kujitegemea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakwenda kuhesabu siku zake katika jumba la mjini. Alirudi mahali ambapo jirani angeweza kumkuta shambani. Mstaafu wa cheo cha chini hana visingizio vya kumzidi.

Haifai kuficha shida za Lobule. Ugonjwa mkubwa huhitaji safari ya Koboko au Arua, tena kwa pikipiki sehemu ya njia. Kijana aliyezoea umeme na televisheni atanung'unika. Bei ya mazao huanguka wakati kila mtu anauza. Mpaka ukichafuka, wageni wengine watakuja, na kuni na maji vitapungua. Asiyeweza kuvumilia haya akae mjini, na asilaumiwe. Lakini asidanganyike kwamba mjini hakuna shida. Huko shida huja na stakabadhi.

Kwa aliye tayari, ushauri wetu ni huu. Aende akatembee mwezi wa Februari, si Septemba wakati kila kitu ni kijani. Alale kwa wenyeji, asilale hotelini. Asali na kigango Dominika ambayo padre hakuja. Achote maji pamoja na watu wengine. Amsalimie imamu, amsalimie mchungaji, amsalimie mwenyekiti wa wakimbizi. Aache nyumbani sauti ya gwaride, kwa maana nchi hii imekwisha kuisikia vya kutosha. Akirudi, amwulize mkewe kwanza kabla ya kusema neno.

Kujitegemea maana yake ni kuacha kuwa mzigo kwa wengine, lakini si kuacha kuwahitaji. Watu wa Lobule waliwahi kupoteza nyumba, ghala na mbuzi katika msimu mmoja, na kilichowaokoa ni mlango wa jirani ng'ambo ya mpaka. Walipopata zamu yao, nao walifungua. Mkatoliki anayechagua mahali pa kumalizia siku zake na azipime ekari, kisima na umbali wa kigango; hayo ni ya lazima. Kisha apime na jambo hili: usiku wa shida, ni mlango wa nani atakaobisha, na ni nani atakayebisha mlango wake?